Vioo Vitatu na Mstari Uliopinda

Mama Vioo hakuwa mtu wa kushindwa na kioo. Kioo cha laptopu, nasema, maana cha kujitazamia hakuwa na muda nacho. Katika mtaa ule wa maduka ya kompyuta, watu wakibishana kuhusu skrini, mmoja atasema tu, "Twendeni kwa Mama Vioo," na ubishi umekwisha. Angeinama mbele ya laptopu, afumbe jicho la kushoto, abandike lenzi ndogo ya fundi saa kwenye jicho la kulia, kisha akwambie kioo kina nukta ngapi kwa upana na ngapi kwa urefu, kama kimewahi kubadilishwa, na kama aliyekibadilisha alikuwa na haraka zake. Watu walimwogopa kidogo. Alilijua hilo, na lilimpendeza.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye stuli yake, lenzi mkononi, na hakutaka kuirudisha jichoni.

Mbele yake zilipangwa laptopu tatu mpya. Mteja wao mmoja, mwanamke msanifu wa majengo, alitaka kuchagua mojawapo kwa ajili ya ofisi yake, na alikuwa amemwomba Mama Vioo azilinganishe kwanza. Angekuja mchana. Ya kwanza kioo chake kilikuwa cha nukta 1366 kwa 768, kioo cha kusomea barua pepe na kushukuru. Ya pili ilikuwa ya 1920 kwa 1080, ile ambayo watu wengi wanaiita kamili na wanaridhika nayo. Ya tatu ndiyo ya wenye kujisikia: 3840 kwa 2160, nukta zimeshonana hivi kwamba usipozikuza herufi zinabaki kama mayai ya chawa. Tena msanifu hakutaka kioo tu. Alitaka kujua kila laptopu inaweza kubeba monita ngapi za nje, na inazibeba vizuri au inahema.

Dukani kwao kulinganisha kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo aliuanzisha marehemu mumewe. Laptopu zinawekwa mstari mmoja, mwanga wa chumba unapunguzwa, na zote zinafunguliwa picha moja: ukurasa mweupe wenye mistari myeusi ya kukatana, miraba mitupu, kama daftari la hesabu. Picha hiyo ni kavu lakini haifichi kitu. Nukta iliyokufa utaiona, mwanga unaovuja pembeni utauona, weupe unaoelekea njano utauona.

Mama Vioo alikuwa ameifungua picha kwenye laptopu ya kwanza, akabandika lenzi, na katikati ya kioo mistari ilikuwa imepinda.

Haikupinda sana. Miraba minne mitano ilikuwa imevimba na kujivuta upande, mithili ya kitambaa kilichoshikwa na msumari.

Fundi yeyote anajua la kufanya hapo. Ukiona kasoro kwenye kioo cha laptopu, chomeka monita ya nje. Monita ikionyesha picha safi, kioo cha laptopu ndicho kibovu. Kasoro ikihamia kwenye monita, kioo hakina kosa. Ubovu uko nyuma yake, kwenye kadi inayotengeneza picha. Akachomeka. Akaitazama monita kubwa kwa lenzi, na mistari ilikuwa imepinda pale pale katikati.

"Kadi," alisema kwa sauti, japo hakukuwa na mtu.

Akahamisha waya kwenda laptopu ya pili. Imepinda. Akahamisha kwenda ya tatu, ya wenye kujisikia. Imepinda, kwenye laptopu na kwenye monita, uvimbe ule ule, upande ule ule. Laptopu tatu za viwanda vitatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja asubuhi moja.

Kwani hakujua? Alijua. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu, ndizo zilizokuwa zikipinda mistari. Kioo bapa kinaweza kufa nukta, kupasuka, kugeuka njano, lakini kupinda mstari hakiwezi, kwa sababu nukta zake zimepangwa kiwandani kama matofali na hazihami. Hilo yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya mafundi wa mtaa. Na bado kwa wiki kadhaa alikuwa akijitia hamnazo. Alirudisha vioo kwa muuza jumla akidai vimepinda. Aligombana naye kwenye simu hadi yule mtu akanyamaza akachukua mzigo wake, si kwa kukubali, ila kwa kuchoka. Vioo vizima kabisa. Aliwahi kufikiria ni lenzi, akanunua nyingine.

Jicho la kushoto hakuwa amelijaribu hata mara moja. Mtu huwa anajua asichotaka kukijua.

Akaiweka lenzi mezani. Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akaitazama picha kwa la kushoto peke yake. Mistari ikasimama wima na kulala mlalo, safi, mraba kwa mraba. Akalifungua la kulia, akaziba la kushoto. Uvimbe ukarudi. Na sasa aliona jambo ambalo hakuwa ameliona kabla: katikati kabisa ya uvimbe palikuwa na kiwingu cha kijivu, kidogo kama kitufe cha shati, na alipojaribu kukikazia macho kikahama naye.

Hofu iliyomshika haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa hofu ya kitu anachokijua. Kwa maana ugonjwa huo alikuwa anaishi nao nyumba moja.

Mama yake mzazi aliuanza na mlango. Miaka mingi iliyopita bibi huyo aliamka akasema fremu ya mlango wa chumbani kwake imepinda. Akaitwa seremala. Seremala akapima kwa kamba na kwa timazi, akasema mlango huu, bibi, umenyooka kuliko mimi. Bibi hakukubali. Seremala wa watu, ili yaishe, akaupiga randa mlango mpaka ukabaki na ufa wa kupitisha upepo, na familia nzima ikacheka mwaka mzima. Kisha siku moja bibi akamimina chai mezani, kando ya kikombe, bila kujua. Walipomfikisha kwa daktari wa macho, sehemu ya katikati ya macho yote mawili ilikuwa kovu tupu. Daktari alikuwa mtu mpole. Aliwaambia kuna sindano zinazozuia, ila kovu likishakauka hazina kazi tena. "Mngekuja wakati ule wa mlango," alisema. Halafu akamgeukia Mama Vioo, akamwambia maradhi haya hupenda kutembea kwenye damu, awe anakuja kupimwa kila mwaka.

Hakuwahi kwenda. Kila mwaka alikuwa na kazi.

Sasa bibi yule alikuwa anaona pembeni tu. Akitaka kuuona uso wako hutazama sikio lako. Na Mama Vioo, mtu aliyekula kwa macho yake maisha yake yote, alikuwa amekaa dukani akijiona yeye naye akitazama watu masikioni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji yake, mdogo wa marehemu mume, mtu mzima mwenye kitambi na nyaya shingoni saa zote. Mtaani walimwita Kebo. Duka lilikuwa lao wawili, yeye wa nyaya na milango ya kuchomekea, shemeji yake wa vioo.

"Shem, mbona umekaa gizani kama mwizi?"

"Nalinganisha," alisema. Sauti ilitoka vizuri, akashangaa. Na papo hapo, bila kupanga, akatafuta uongo na kuupata. "Njoo ukae hapa. Leo nakufundisha vioo."

Kebo akasimama na waya mkononi. Alikuwa akiliomba hilo tangu kaka yake akiwa hai, na kila mara alijibiwa kwamba macho yake ni ya kuangalia mpira tu. "Kweli? Umeota nini leo?"

"Kaa kabla sijaghairi. Uniambie unachoona, chote, usiruke."

Akakaa, akabandika lenzi kwa adabu kama mtu anayevishwa pete. Akaanza kusoma. Hii ya kwanza nukta zinaonekana wazi, shem, zinahesabika. Ya pili ni nzuri, weupe umetulia, kona ya chini mwanga unavuja kidogo sana. Ya tatu hata nikiganda nayo nukta sizioni, kitu laini hivi, ila herufi ni ndogo, itabidi azikuze mara mbili. Mama Vioo alikuwa anaandika, na kila neno la Kebo lilikuwa sahihi, na kila neno lilimchoma.

"Na mistari?" aliuliza, akitazama karatasi.

"Mistari imefanyaje?"

"Imenyooka?"

Kebo akaondoa lenzi akamtazama. "Shem, mstari unapindaje kwenye kioo bapa? Si wewe uliyenifokea hapa hapa nilipouliza swali hilo?"

"Nakupima tu."

"Aa, basi nimepasi," alisema Kebo, akacheka, akarudi kwenye nyaya zake.

Msanifu alikuja mchana na flashi yake ya michoro na haraka zake za kistaarabu. Mwanamke mrefu, msemaji wa polepole. Kebo ndiye aliyeanza, upande wa monita. Akamwonyesha kwamba laptopu ya kwanza ina mlango mmoja wa picha, hivyo monita moja basi, nayo isizidi nukta 1920 kwa upana. Ya pili ina ule mlango mpana na ule mdogo wa mviringo, inabeba monita mbili bila kuhema. Ya tatu nayo inabeba mbili, kubwa zaidi, lakini iwe kwa mlango mdogo. Ukitumia mlango mpana kwenye monita kubwa, picha inajirudia mara thelathini tu kwa sekunde, na kishale cha panya kinaburuta mguu. Akakisogeza kishale, nacho kikaburuta kweli. Msanifu akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda. Mama Vioo alisimama nyuma yao akiunga mkono kwa "ndiyo" na "hasa", akimwomba Mungu mwanamke yule achague aende.

"Nimewaelewa," alisema msanifu. "Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya macho yako, Mama Vioo. Ngoja nifungue mchoro wangu."

Akafungua. Ulikuwa mchoro wa shule, mistari myembamba kama nywele, kwenye laptopu ya tatu na kwenye monita iliyounganishwa nayo. Akaukuza mpaka sehemu moja ikajaa kioo.

"Ukuta huu wa ukumbi. Mstari wake ni mwembamba kuliko yote. Niambie, wapi unakaa vizuri, kwenye laptopu au kwenye monita?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akabandika lenzi jicho la kulia, maana watu walizoea kumwona hivyo, akafumba la kushoto, akainama. Mstari wa ukuta ulikuwepo, umepinda. Akajipa moyo. Asubuhi nzima alikuwa amejizoesha kutoa hesabu: kilichopinda ni jicho, kwa hiyo kilichopo kimenyooka. Akatoa hesabu.

"Kote kuwili umenyooka safi," alisema. "Kama rula. Ila kwenye laptopu ni mkali zaidi."

Msanifu akainama naye kuangalia.

"Upi huo?" aliuliza msanifu.

"Huu wa mbele, wa ukumbi."

"Mama Vioo, huo umepinda. Nimeuchora hivyo. Ni ukuta wa upinde."

Kebo akaangua kicheko, akidhani shemeji yake anatania. Akaangalia uso wake. Kicheko kikakatika.

Msanifu alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ndiyo iliyouma. Hakubisha, hakuuliza. Alifunga mchoro wake taratibu, akasema labda sote tumechoka, angerudi siku nyingine wakiwa wametulia. Alipotoka alifunga mlango kwa uangalifu, jinsi watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Shem, una nini?" aliuliza Kebo.

"Usingizi."

"Usingizi gani huo?"

"Nimesema usingizi! Au unataka nikuapie?"

Akachukua mkoba wake akatoka, mchana kweupe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mwenye duka la jirani alimsalimia, naye akapita.

Njiani alikuwa kama mtu aliyeambiwa ana kitu mgongoni. Kila penye mstari alijipima. Akafumba jicho la kushoto, nguzo ya umeme ikapinda kiuno. Akalifungua, ikanyooka. Ukingo wa barabara, dirisha la duka la dawa, bango la saluni, vyote alivipima, na kila mara alijiambia hii ya mwisho, na kila mara akaja kupima nguzo iliyofuata. Mwanamume mmoja alidhani anamkonyeza, akatabasamu. Wakati mwingine wowote angemtolea maneno. Sasa alitembea tu, akihisi dunia yote imeshikwa na msumari mmoja katikati, na msumari huo unakua.

Akamfikiria muuza jumla, akasema kimoyomoyo atamwomba radhi. Akafikiria duka bila yeye. Akafikiria Kebo akimshika mkono kuvuka barabara. Hilo la mwisho lilimfanya asimame akajishikiza ukutani.

Angeweza kwenda kliniki ya macho moja kwa moja. Ilikuwa wazi bado. Lakini alijua akienda ataambiwa, na akiambiwa litakuwa kweli, na kwa sasa, alijidanganya, lilikuwa bado halijawa kweli kabisa. Miguu ikampeleka nyumbani.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunja nguo zilizokauka. Alizikunja kwa kupapasa, upindo kwa upindo, na zilitoka zimenyooka kuliko zilizokunjwa na wenye macho.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema? Mmefukuzwa na mwenye nyumba?"

"Kichwa kinaniuma kidogo."

Akavuta kiti akakaa mbele yake, karibu, magoti yanakaribia kugusana. Akaanza kuzungumza ovyo: joto, Kebo na nyaya zake, laptopu ya tatu yenye herufi za mayai ya chawa. Na huku akizungumza alifumba jicho la kushoto, ajue tu. Uso wa mama yake ukawa na kiwingu katikati. Paji lilikuwepo, kidevu kilikuwepo, mdomo na pua vimeyeyuka. Akageuza kichwa pembeni kidogo, na uso ukarudi, hafifu, kwenye kona ya jicho. Wakakaa hivyo, mama na binti, kila mmoja akiutazama ukuta ili amwone mwenziwe.

Mikono ya bibi ikaacha kukunja.

"Mbona sauti yako inakwenda ukutani?"

"Inakwenda wapi?"

"Ukutani. Umekaa hapa lakini maneno unampa mtu mwingine."

Binti akageuza kichwa haraka. Alikuwa amechelewa. Bibi alinyoosha mkono, akampapasa shavu, kidevu, akakifuata kichwa jinsi kilivyokaa, kisha akaushusha mkono pajani.

"Ni jicho gani?"

"Jicho gani nini, mama?"

"Usinichezee, mimi si mteja wako. Ni jicho gani?"

Alitaka kucheka, akashindwa. "La kulia."

"La kushoto linaona?"

"Linaona."

"Tangu lini?"

"Wiki kadhaa. Nilidhani ni vioo, mama. Kila kioo nilichoshika nilikuta mistari imepinda. Nikawa navirudisha." Na hapo machozi yakamtoka, ya macho yote mawili sawa, na alilia jinsi asivyolia mtu wa umri wake, kwa sauti, pua inachuruzika.

Bibi alimwacha alie. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza bei ya sabuni, "Mimi siku ile ya seremala nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Mlango ulikuwa umenyooka. Nilikuwa nimeupapasa kwa vidole usiku wake, juu mpaka chini, nikauona umenyooka. Nilimwita seremala kwa sababu nilitaka mtu aniambie umepinda. Hata akidanganya. Nyinyi mkacheka, na mimi nikacheka, ikapita." Akashika shati lingine, akaliacha. "Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka macho yakaisha, na yalipoisha ndipo woga nao ukaisha. Sasa nakwambia, hiyo si njia ya kumaliza woga."

"Nikienda wakisema ni lile lile lako?"

"Watasema ndilo. Unalijua, nalijua. Kesho asubuhi tunakwenda."

"Siwezi kukaa kwenye foleni ile, mama. Mtaa mzima unapita pale. Wakiniona..."

"Watakuona unampeleka mama yako kipofu kliniki. Kuna ajabu gani? Mgonjwa ni mimi. Wewe umenisindikiza."

Na ndivyo walivyokwenda. Mapokezi bibi alitangulia kusema kabla hajaulizwa, "Mgonjwa ni mimi," kwa sauti ya mtu anayesimamia ukoo. Kwenye benchi watu waliwasogezea nafasi. Mama Vioo alikaa amemshika mkono, au alikuwa ameshikwa, haikujulikana, na kila mlango wa daktari ulipofunguka alitazama sakafu. Mara mbili aliinuka akasema anakwenda kununua maji. Mara mbili mkono ule mkavu ulimrudisha kitini bila neno.

Walipoitwa, bibi aliingia, akasubiri mlango ufungwe, akasema, "Daktari, nimedanganya huko nje. Mgonjwa ni huyu. Mistari inampindia. Na maradhi yenyewe nimempa mimi."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, macho makavu ya mtu aliyekesha kazini. Hakushangaa. Alimtilia matone, akamkalisha mbele ya mashine, kidevu kwenye kiegemeo, akamwambia asipepese. Mwanga mwekundu ukapita jicho moja, ukapita la pili. Kisha akageukia laptopu yake, ambayo ilikuwa imeunganishwa na monita ya pembeni, akaanza kufungua picha.

Mama Vioo aliona jambo, na kwa hofu aliyokuwa nayo maneno yalimtoka yenyewe. "Daktari, monita hiyo umeiwekea ukubwa usio wake. Picha imevutwa kwa upana."

"Najua. Watu wote wanaonekana wanene humo. Sijui kuirekebisha."

"Nitakurekebishia," alisema, na sauti ikakatika, kwa sababu picha ilikuwa imefunguka.

Lilikuwa jicho lake, limekatwa kama keki na kutazamwa kwa ubavu. Tabaka juu ya tabaka, kijivu na nyeupe, zimelala vizuri kama magodoro yaliyopangwa stoo. Na katikati zilikuwa zimeinuliwa. Chini yake palikuwa na kifuko cheusi cha majimaji kikizisukuma juu, na hata mtu asiyejua chochote angesema hapa ndipo. Aliziba jicho la kushoto. Picha ikabaki, magodoro yakabaki, na pale kilipokuwa kifuko pakawa na kiwingu tu. Jicho lake halikuweza kuuona ugonjwa wake lenyewe.

"Mishipa inavuja," alisema daktari. "Hilo ndilo linalopinda mistari. Na hapa pameanza kovu, dogo. Hapo sitakudanganya, hapatarudi. Sindano inaweza kuzuia yaliyobaki. Nasema inaweza. Utachomwa leo, na utarudi tena, na tena."

"Na la kushoto?"

Daktari akafungua picha ya pili. Akaisogeza mbele, akairudisha. Akakaa nayo. Mama Vioo akasikia feni ya laptopu ikizunguka, na aliitazama picha hiyo kwa jicho lake zima, kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kioo chochote, akitafuta uvimbe, akiuona kila mahali.

"Hili zima," alisema daktari mwishowe. "Kwa leo, ni zima."

Mama yake akashusha pumzi. Yeye hakushusha. Alikuwa amelisikia lile "kwa leo" na alijua ataamka nalo kila siku, kesho na keshokutwa, akiziba moja na kufungua jingine, na hakuna daktari yeyote atakayemwondolea neno hilo.

Wakamlaza kwenye kitanda cha chumba cha pili. Muuguzi akampaka dawa ya njano kuzunguka jicho, akamtilia matone ya ganzi. Akataka kumtoa bibi nje. Bibi akasema yeye haoni kitu, atamwogopesha nani, akabaki amesimama hapo hapo kichwani pa kitanda. Daktari akaja na sindano ameificha kwa chini, lakini jicho la kushoto, lile zima, liliiona, na kope za yote mawili zikajifunga zenyewe, ngumu. Muuguzi akajaribu kuzifungua kwa vidole vyenye glavu. Hazikufunguka.

"Mama," alisema, "naogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema mama yake. "Fungua jicho."